Azalea Huugulia Mizizini

Mtu anayelalamika kwamba azalea yake inakufa huanza kwa kuonyesha majani, na kweli yanasikitisha: majani machanga ya kwenye ncha za matawi yamegeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani, hivi kwamba kila jani linafanana na ramani ya mto na vijito vyake. Hatua inayofuata karibu kila mara ni ileile. Jirani anasema mmea una njaa, mwenye mmea ananunua mbolea na kumwaga konzi moja shinani, baada ya wiki mbili kingo za majani zinakauka, na baada ya miezi kadhaa vinabaki vijiti. Nami niliufuata mkondo huo kwa mche nilioununua ukiwa umejaa maua ya waridi, nikaupanda chini ya ukuta wa nyumba ambayo ndiyo kwanza ilikuwa imepigwa lipu. Ilinichukua muda kuelewa kwamba jani lilikuwa linatoa taarifa tu, na kwamba ugonjwa wenyewe ulikuwa udongoni, kina cha kiganja kimoja kutoka juu.

Asili ya mmea huu inaeleza sehemu kubwa ya tabia zake. Azalea ni vichaka vya maua vilivyomo ndani ya jenasi (kundi la mimea yenye undugu wa karibu) ya Rhododendron. Mwaka 1753 Carl Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, aliipa azalea jenasi ya peke yake, kwa jina la asili ya Kigiriki lenye maana ya "kavu", jambo linalochekesha kidogo kwa mmea usiovumilia kukaukiwa. Wataalamu waliomfuata waliirudisha kwa ndugu zake, kwa kuwa kinachowatenganisha ni vitu vidogo kama idadi ya stameni, yaani viungo vya kiume vya ua, ambazo kwa azalea nyingi ni tano na kwa rododendroni nyingine kwa kawaida ni kumi au zaidi. Azalea zisizopukutisha majani, ambazo ndizo zinazoonekana zaidi vitaluni, zilitokana na mimea ya Japani na China. Afrika haina rododendroni ya asili hata moja. Hata hivyo ukoo mpana wa mmea huu, Ericaceae, tunao: aliyepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, akauacha msitu nyuma ya kambi ya Mandara na kuelekea ile ya Horombo, amepita katikati ya vichaka vya Erica vinavyoning'inia ndevu za kuvumwani, na jamii hizo ziko pia Mlima Kenya na Ruwenzori. Huko udongo ni mchachu, yaani wenye asidi, hauna virutubisho vingi, umefunikwa na mabaki ya mimea yanayooza polepole, na mawingu huulowesha mara kwa mara bila kuugeuza dimbwi. Makazi ya asili ya azalea hayako mbali sana na hali hiyo, na karibu kila agizo la kuitunza ni jitihada ya kuyaiga.

Anayeichimbua azalea yenye afya hakuti mzizi mkuu uliozama chini kama wa mwembe. Hukuta mkeka wa mizizi myembamba kama nywele, uliosukana ndani ya sentimita 20 hadi 30 za juu za udongo, na sehemu kubwa yake iko juu zaidi ya hapo. Ndani ya mizizi hiyo huishi kuvu wa aina maalumu, ambao humeng'enya mabaki ya majani na kuupa mmea naitrojeni, nao hulipwa sukari. Mkeka huo ndio nguvu ya azalea na ndio udhaifu wake. Kwa kuwa uko juu, hukauka upesi jua likiwaka siku chache mfululizo, na jembe la palizi huukata bila mwenye jembe kujua. Kwa kuwa mizizi yake ni myembamba, chumvi za mbolea huiunguza haraka, na maji yakituama huikosesha hewa na kuiachia nafasi Phytophthora, kimelea kinachoozesha mizizi. Azalea iliyooza mizizi hunyauka hata kama udongo umelowa, na hapo mwenye bustani, akiona majani yamelegea, humwaga maji mengine.

Turudi kwenye jani la manjano, kwa sababu hapa ndipo penye fumbo. Manjano hayo yanatokana na upungufu wa madini ya chuma, ambayo mmea huyahitaji ili kutengeneza kijani chake. Wakati huohuo wekundu wa udongo wa nyanda zetu za juu unatokana na chuma hichohicho, kwa namna ileile inayolifanya bati kuukuu kuwa jekundu. Inawezekanaje mmea ukose chuma ukiwa umesimama ndani ya chuma? Jibu ni kwamba mzizi haunyonyi kitu kisichoyeyuka. Katika udongo mchachu kiasi kidogo cha chuma huyeyuka na kufika mizizini; uchachu unapopungua, chuma hujifunga katika umbo gumu, na mmea hufa njaa kwenye ghala lililojaa. Azalea hustawi pale kipimo cha uchachu kiitwacho pH, ambacho namba ikipungua uchachu huongezeka, kinapokuwa kati ya 4.5 na 6.0, na ikumbukwe kwamba ngazi za kipimo hiki si sawa na za rula: kila ngazi moja ni badiliko la mara kumi, kwa hiyo udongo wenye pH ya 7 una uchachu mdogo mara 100 kuliko wenye pH ya 5. Ndiyo maana mbolea ya kawaida haisaidii. Kinachokosekana hakikuwa kimepungua.

Baada ya kulielewa hilo, niliutazama tena ukuta wangu. Saruji na chokaa ya lipu havina uchachu hata kidogo, na kila mvua inayopiga ukuta huteremsha chembe za chokaa hadi kwenye udongo wa chini yake. Mafundi nao, kama ilivyo desturi, walikuwa wamefukia mabaki ya zege papo hapo na kuyasawazishia udongo juu. Nilipochimba nilikuta vipande vyeupe vya ukubwa wa ngumi vikiwa vimekumbatiwa na mizizi iliyokwisha kuwa kahawia. Siki niliyodondoshea vipande hivyo ilichemka mapovu, na hilo ni jaribio rahisi ambalo yeyote anaweza kulifanya: udongo au kokoto inayotoa povu kwa siki ina chokaa, na mahali hapo hapaifai azalea. Adui wa pili wa nyumbani ni majivu. Katika nyumba nyingi majivu ya jikoni humwagwa kwenye maua kwa nia njema kabisa, na kwa mboga kadhaa huwa na manufaa, lakini kwa azalea ni sawa na kuiwekea chokaa.

Kabla ya kununua mche, basi, swali la kwanza liwe la mahali. Afrika Mashariki ina dalili nzuri sana inayoonekana hata kwa mtu asiye na kifaa cha kupimia, nayo ni chai. Mchai nao hutaka udongo mchachu, mvua ya kutosha na ubaridi, kwa hiyo mahali penye mashamba ya chai udongo wake kwa kawaida utaifaa azalea. Limuru, ambako chai ya kwanza ya Kenya ilipandwa mwaka 1903, ni mahali pa namna hiyo. Kericho, Nandi, Mufindi, Njombe, Rungwe na milima ya Usambara ni vivyo hivyo, na msomaji wa Kivu, wa Rwanda au wa Burundi anayajua mashamba yake. Dalili ya pili ni haidranjia. Ikiwa haidranjia za jirani huchanua bluu bila kuwekewa dawa yoyote, udongo ni mchachu. Zikichanua waridi, uchachu ni mdogo. Zile nyeupe hazisemi lolote. Udongo mweusi wa mbugani, unaopasuka nyufa wakati wa kiangazi na kunata kama ulimbo wakati wa mvua, ule wa Athi River na Kitengela, haufai kwa sababu mbili, ya kukosa uchachu na ya maji kutuama. Udongo wa juu ya mawe ya matumbawe, kama ulivyo sehemu kubwa ya mashariki ya Unguja, ni chokaa tupu. Anayetaka uhakika apeleke sampuli kwenye maabara ya udongo. Kenya kuna KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, na Tanzania kuna kituo cha taasisi ya utafiti wa kilimo, TARI Mlingano, huko Tanga na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro.

Nikiwa bado kwenye suala la pwani, kuna mkanganyiko mmoja wa majina ambao umeua mimea mingi. Ule mmea wenye shina nene kama chupa na maua ya waridi, ambao wengi huuita waridi la jangwani, kwa Kiingereza wakati mwingine huitwa kwa jina linalomaanisha "azalea ya bandia". Huo ni Adenium, mzaliwa wa Afrika Mashariki, ambao utomvu wake ulitumiwa kama sumu ya mishale. Hautaki chochote kinachotakwa na azalea: hupenda jua kali, mchanga mkavu na kiu ya muda mrefu. Maelezo ya mmoja yakitumiwa kwa mwingine, wote wawili hufa.

Maji nayo yanastahili kuangaliwa kwa makini kuliko inavyofanyika kawaida, kwa sababu mtu anaweza kuandaa udongo mzuri na kuuharibu kwa ndoo. Maji ya visima katika maeneo ya miamba ya volkano, Arusha kwa mfano, mara nyingi yana magadi, na kila unyweshaji huongeza kidogo kile kinachoua uchachu. Mwaka wa kwanza hakuna kinachoonekana. Mwaka wa pili majani mapya yanaanza kuchora ile ramani ya mto. Maji ya mvua hayana tatizo hilo, na pipa moja chini ya mchirizi wa bati linaweza kuihudumia azalea mbili au tatu kwa muda mrefu wa kiangazi. Asiye na pipa aibakize azalea ardhini mahali penye mvua, na asiilee chunguni kwa maji ya kisima.

Kupanda kwenyewe kunahitaji saa moja ya subira. Mche unaotoka kitaluni kwa kawaida umekua ndani ya mboji nyepesi, na mizizi yake imezunguka kopo hadi ikawa donge gumu lenye umbo la kopo lenyewe. Donge hilo likikauka, hukataa maji: mtu humwagilia, maji hupita pembeni na kutokea chini, naye huamini kwamba amenywesha. Kwa hiyo kabla ya kupanda, litumbukize donge lote kwenye ndoo ya maji na kulishikilia mpaka mapovu yaache kutoka. Donge kavu huweza kuchukua nusu saa. Kisha litolewe, na mizizi ya nje ifumuliwe kwa vidole, au ikatwe kwa kisu kwa mistari mitatu minne kutoka juu hadi chini, kina cha sentimita moja au mbili. Wengi huogopa hatua hii kwa kuihurumia mizizi, lakini mizizi isiyofumuliwa huendelea kuzunguka palepale, na nimewahi kung'oa mche uliokaa ardhini mwaka mzima ukatoka na umbo la kopo lake bila mzizi hata mmoja uliovuka nje.

Shimo liwe pana, mara mbili au tatu ya upana wa donge, lakini lisiwe na kina kirefu kuliko donge. Azalea hupandwa juu juu, kiasi kwamba uso wa donge unabaki sentimita 3 hadi 5 juu ya usawa wa ardhi, kwa sababu udongo uliotifuliwa hushuka baadaye, na azalea iliyozama hukosa hewa. Pale ambapo udongo ni mzito, ni afadhali kuacha shimo kabisa na kujenga tuta la sentimita 30 lililochanganywa mboji ya majani. Anayepanda chunguni anaweza kutumia makumbi ya nazi yaliyosagwa, ila ayaoshe kwanza mara kadhaa kwa maji matamu ili kuondoa chumvi. Anayejua jinsi makumbi yanavyofukiwa ufukweni kwa miezi ili yalainike na kusokotwa kamba hatahitaji kuelezwa chumvi hiyo inatoka wapi. Mwisho huja matandazo: majani ya msonobari, maganda ya miti au majani makavu, unene wa sentimita 5 hadi 8, yasogezwe mbali na shina kwa upana wa kiganja ili gome lisioze. Matandazo hutunza unyevu, huzuia magugu, na kwa hiyo huondoa haja ya jembe. Magugu machache yatakayopenya yang'olewe kwa mkono.

Kuhusu mbolea, nitasema kwa ufupi kwamba azalea nyingi hupewa nyingi mno. Iliyopandwa kwenye udongo mchachu wenye matandazo yanayooza inaweza kukaa miaka bila mbolea ya dukani. Ikihitajika, aina ina maana kuliko kiasi. Salfeti ya Amonia, ile SA ya mifuko inayojulikana kwa wakulima wote, huipa azalea naitrojeni katika umbo inalolipenda na huongeza uchachu, ilhali CAN, mbolea nyingine ya naitrojeni, ina chokaa ndani yake na isikaribie kabisa. Kijiko kimoja cha chai cha SA kwa kichaka kidogo, kikinyunyizwa juu ya matandazo yaliyolowa na kufuatiwa na maji, kinatosha kwa msimu. Udongo uliopungua uchachu kidogo hurekebishwa kwa salfa ya unga, ambayo bakteria wa udongo huibadilisha kuwa asidi. Kazi hiyo huchukua miezi, na asiyejua hilo huongeza salfa kila wiki hadi akaunguza mizizi. Chuma cha kunyunyizia majani hurudisha ukijani upesi lakini ni kiraka tu. Makapi ya kahawa, yanayosifiwa sana, hupoteza uchachu wake mwingi kwenye kikombe cha mnywaji. Kama matandazo membamba hayadhuru, lakini hayatibu.

Mche wangu ulihamishwa hadi upande wa mashariki wa kiwanja, chini ya mgrevilea unaopitisha jua la asubuhi na kulizuia la mchana. Majani yaliyokuwa yamegeuka manjano hayakupona, yalianguka moja baada ya jingine. Yaliyochipua baadaye, karibu mwezi wa tatu, yalitoka kijani.

Kivuli hicho chepesi kina faida nyingine. Azalea iliyo kwenye jua kali siku nzima ndiyo hushambuliwa zaidi na kidudu kidogo chenye mabawa mangavu kama lesi, Stephanitis pyrioides, kilichotoka Japani na kusambaa pamoja na miche. Majani hupauka kwa vidoa vidogo vyeupe upande wa juu, kana kwamba yamenyunyiziwa chumvi, na wengi hudhani ni upungufu mwingine wa virutubisho. Ligeuze jani: upande wa chini wenye vinyesi vyeusi vinavyong'aa kama matone ya lami unathibitisha kwamba ni kidudu. Mkondo wa maji au maji ya sabuni ukielekezwa chini ya majani, na kurudiwa kila baada ya wiki moja au mbili, hupunguza idadi yao. Ukungu unaovimbisha majani machanga yakawa mazito kama nyama, rangi ya kijani hafifu au waridi, hutisha kuliko unavyodhuru. Majani hayo yachumwe kabla hayajageuka meupe, maana weupe huo ndio mbegu za ukungu.

Swali la maua linahusu baridi. Vitumba vya azalea hujitengeneza wakati wa joto la wastani, kisha hulala, na aina nyingi huhitaji wiki kadhaa za ubaridi ndipo viamke kwa pamoja. Wakulima wa Ghent nchini Ubelgiji, mji uliojipatia jina kwa azalea za chunguni, hudhibiti joto na ubaridi huo ili mimea ichanue kwa tarehe ya soko. Limuru na Lushoto hupata ubaridi wao Juni na Julai bila gharama. Dar es Salaam haiupati, na azalea inayoletwa huko ikiwa imechanua itamaliza maua yake, itatoa majani kwa muda, kisha itadhoofika. Mwenye nayo aifurahie kama shada. Kwa msomaji aliyehamia Atlanta au Charleston, kusini mwa Marekani, hali ni kinyume, kwani azalea hukua mitaani kama michongoma ikuavyo kwetu. Aliye Minnesota atafute zile zilizozalishwa na chuo kikuu cha jimbo hilo kwa ajili ya majira makali ya baridi.

Kwa sababu vitumba vya msimu ujao huanza kujengwa mapema, kupogoa hufanywa mara tu maua yanapokauka. Anayesubiri miezi mingi na kukata ili kichaka kiwe nadhifu huyakata maua ya mwakani akiwa hayajayaona. Ukataji wenyewe uwe wa tawi mojamoja, likifuatwa hadi ndani linakoungana na jingine, kuliko kunyoa kwa mkasi mkubwa kama ua wa kei.

Na matawi yaliyokatwa yasitupwe penye mifugo. Azalea ina sumu iitwayo grayanotoksini, iliyomo katika majani, maua na hata nekta. Mwaka 401 kabla ya Kristo askari wa Kigiriki walioongozwa na Xenophon waliangushwa chini kwa kula asali ya rododendroni karibu na Bahari Nyeusi. Mbuzi anayetafuna majani machache hutokwa mate, hutapika, huyumba, na anaweza kufa. Kwetu, ambako mbuzi wa jirani hupita kwenye uwazi wowote wa ua, mimi huyafukia matawi hayo siku ileile, mbali na ukuta ule.